Kamba Iliyomfunga Mbuzi

Wewe uliyelala hapo hospitalini na mguu umefungwa, najua umechoka na watu wa pole. Mimi sikuletei pole. Nakuletea maneno ambayo hutayapenda, kwa sababu nami nililala hapo, labda kwenye godoro hilo hilo lenye shimo katikati, na hakuna aliyeniambia. Soma, au geukia ukutani kama unaweza kugeuka. Najua huwezi.

Jina langu Musafiri, na wazazi walikosea kulichagua. Sijasafiri. Nimefika Nyangwe mara mbili na Lusangi mara moja, na zote tatu nililalamika mpaka niliporudi. Nilimaliza sekondari, nikapata cheti, nikakiweka chini ya mkeka, nikajifunza kupaua nyumba kwa sababu fundi aliyefundisha kazi hiyo alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mikono yangu inafanya kazi juu, lakini moyo uko barazani, kwenye kiti changu cha mianzi, chai iko karibu. Ukinitafuta hapa Kasongo usiulize nimekwenda wapi. Uliza nimekaa upande gani wa nyumba.

Kwetu, siku ya kupaua, mwenye nyumba anachinja mbuzi kwa ajili ya fundi na majirani. Wala si mbuzi wa kuahidiwa. Fundi akiwa juu lazima amwone yuko hai, amefungwa pale chini, ndipo anajua hadanganywi na nyundo inakwenda mbio. Hata mimi nilikuwa nikifika kwa mtu naulizia mbuzi kwanza, halafu ndiyo naangalia mbao.

Nyumba iliyoniangusha ni ya shemeji yangu Amisi, kaka mkubwa wa bibi yangu Zaina. Amisi anauza vitenge na sabuni sokoni, na tangu siku ya ndoa hajanichekea. Husema mbele za watu kwamba dada yake aliolewa na kiti. Alijenga paa refu kuliko yote ya mtaa ili watu walione tangu barabarani, na alitaka limalizike kabla ya mvua. Kiangazi kilikuwa kinaisha. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika upande wa Kabambare na Amisi alikuwa akiyatazama kama watu waliokuja kumwibia.

Nilikuwa na kamba yangu. Ya buluu, nene kama kidole gumba, niliachiwa na marehemu fundi wangu. Ukiwa kwenye paa la juu unajifunga kiunoni, upande wa pili unaufunga kwenye mbao nene ya katikati. Inachosha. Kila mabati mawili matatu unafungua, unasogea, unafunga tena. Fundi wangu alinipiga na rula siku moja kwa kusogea bila kufunga, na nilimchukia kwa wiki nzima.

Asubuhi ile mbuzi wa Amisi aliletwa na kamba ya magome ya mgomba. Akaikata, akaingia kwenye muhogo wa jirani. Wakamrudisha, wakaifunga fundo, akaikata tena. Amisi akatukana mbuzi, akatukana aliyemuuza, na alipokuwa anakaribia kutukana muhogo, watu walikuwa wamejaa uani wanacheka. Mimi nilikuwa juu, nimeshajifunga. Na nilitaka na mimi wanichekee kidogo. Nikafungua fundo la kiunoni, nikaiachia kamba ikaanguka miguuni pa Amisi.

"Shemeji, chukua hii. Mufunge mbuzi, yeye ndiye anapenda kutembea. Miye siendi popote."

Uani walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Amisi aliokota kamba, akanitazama pale juu nikiwa sina kitu, akamfunga mbuzi. Akaniambia nifanye haraka.

Upepo ulikuja kabla ya saa sita, ule unaotangulia majira ya mvua. Nilikuwa nimesimamisha bati sijalipigilia hata msumari mmoja, na upepo ukalishika. Mtu mwenye akili anaachia. Lakini nilifikiria lile bati likipinda, na Amisi akilitaja mpaka siku ya mazishi yangu, nikalikumbatia. Tuliondoka pamoja, bati na mimi, kama maharusi. Nilitua kwenye rundo la matofali, na nikasikia paja langu likivunjika kama muhogo mkavu. Maumivu yalichelewa kidogo. Katika ule muda kabla hayajafika nilikuwa nimelala ubavu, uso kwa uso na mbuzi. Alikuwa anatafuna. Alikuwa amefungwa vizuri sana.

Walinibeba juu ya mlango mpya wa Amisi, ambao ulikuwa bado haujawekwa bawaba. Watu wanne walibeba, na Amisi alitembea nyuma akiwaambia waangalie usipate mikwaruzo. Mlango, si mimi.

Hospitalini waliniweka chini, kwenye mlango wangu, karibu na benchi la kungojea. Kungoja ni ugonjwa mwingine na hauna dawa. Akina mama wenye watoto walinivuka. Mtoto mmoja alinitazama usoni muda mrefu, akamwambia mama yake kwamba yule baba ananuka. Alisema kweli. Nilikuwa nimejikojolea nikiwa njiani, mimi mwenye cheti cha sekondari.

Ndipo Ramazani akafika mbio. Huyu ni mdogo wangu wa tumbo moja, huniita Yaya, yaani kaka mkubwa, tunafanya kazi pamoja, ana bibi na watoto wawili. Siku ile alikuwa amekwenda kutafuta mbao. Alipiga magoti akauliza imekuwaje. Nikamtazama Amisi. Amisi akanitazama. Kusema kweli kulikuwa na maneno matatu ya kusema, na yote yalikuwa na mbuzi ndani. Nikaona mtaa mzima ukicheka, na safari hii si vile nilivyotaka.

"Kamba ilikatika," nilisema.

"Eeh, ilikatika," Amisi alisema haraka. "Kamba za siku hizi haziko kamba."

Katika miaka yote ya ushemeji, hilo ndilo jambo la kwanza tulilokubaliana.

Matibabu nitakueleza kwa kifupi, kwa kuwa unayaona mwenyewe. Waliniweka chuma chini ya goti, wakafunga kamba, kamba ikapita kwenye gurudumu dogo mwisho wa kitanda, na huko ikaning'inia na mfuko wa mchanga ili mfupa uvutwe ukae sawa. Yaani kamba niliyoikataa juu nilipewa chini, na hii sikuweza kuifungua. Muuguzi wetu, Mama Feza, mwanamke mwenye mikono mizuri na mdomo mbaya, aliniambia siku ya kwanza kwamba nikigusa ule mfuko atanifunga na mikono pia.

Mvua ya kwanza ilipiga nikiwa na siku tano za mchanga. Nilihesabu hivyo, kwa mchanga. Wiki ya pili walichomoa nyuzi za mkononi, pale bati liliponikata. Wiki ya tatu nilipata kidonda mgongoni, karibu na makalio, kwa kulala upande mmoja, na Zaina akawa anakuja asubuhi na jioni kuniinua, kunipaka mafuta, kuniwekea chombo chini na kukitoa. Mwanamke niliyemwoa kwa maneno matamu sasa alikuwa ananifahamu kwa harufu. Alikuwa akifanya kazi hiyo ananyamaza, na kunyamaza kwake kulikuwa kuzito kuliko mchanga. Shamba la karanga alilima peke yake mwaka ule. Viganja vyake viliponigusa vilikuwa vinakwaruza.

Mguu ulikonda. Hilo jiandae nalo. Siku watakapoufunua utadhani wamekubadilishia na wa mtu mwingine, mzee na mwenye njaa. Manyoya yalikuwa marefu, ngozi inatoka kama maganda ya kitunguu. Niliuonea aibu kama mgeni aliyekuja bila kualikwa.

Na watu wa kuja kukuona, Mungu awasamehe kwa sababu mimi bado. Kila mmoja alikuja na hadithi ya mtu aliyeanguka kama mimi na akafa. Mmoja alikuwa na watatu. Walikaa kitandani, juu ya mguu mzima, wakala ndizi zangu. Na mbuzi? Mbuzi alichinjwa jioni ile ile. Majirani walikuwa wameshakusanyika, wangefanyaje. Kipande cha paja lake kilinifuata hospitali kwenye sahani yenye kifuniko. Ningependa kukuambia nilikikataa. Nilikila chote, nikatafuna na mfupa.

Kitanda cha jirani alilala Mulamba, mkata mawese kutoka Wamaza, aliyeletwa kwa pikipiki na nyonga iliyotoka. Alikuwa ameanguka kutoka kwenye mti wa mawese baada ya mkanda wake wa kupandia kukatika. Alinichokoza tangu salamu ya kwanza. Aliniita Fundi wa Mbinguni. Mimi nilimwita Nyani Mstaafu. Ndivyo tulivyopitisha mvua.

Siku moja, katikati ya mvua, Amisi alikuja na Ramazani. Nusu ya nyumba yake ilikuwa haina bati, na maji yalikuwa yanaingia chumba cha wageni. Hakuniuliza mguu. Alisema mvua zikiisha Ramazani atamaliza paa, na yeye atatafuta mbuzi mwingine. Nilimwambia Ramazani ajifunge. Nilisema hivyo tu, kwa sauti ndogo, kama mtu anayekohoa.

Ramazani alicheka. "Yaya, nijifunge na nini? Weye si ulijifunga? Kamba ikakufanyia nini? Ingekuwa mikono yako haihangaiki na fundo ungeshika mbao. Miye kamba sitaki tena. Nitapanda na miguu na mikono yangu."

Amisi alikuwa anatazama dirisha. Nami nilitazama mfuko wa mchanga. Hapo ndipo palikuwa pahali pa kusema. Mdomo ulifunguka, nikaomba maji.

Walipotoka, Mulamba aligeuza kichwa upande wangu. Halafu akauliza ile kamba ilikuwa ya nini. Nikasema nailoni. Nene? Kama kidole gumba. Akauliza ilikatikia wapi, kwenye fundo au katikati. Nikasema sikumbuki.

"Mukanda wangu ulikatika, na vipande vyake viko hapa," alisema, akavuta mfuko wake chini ya kitanda, akanionyesha. Mkanda wa nyuzi za mti, umekauka, umekatika kama ulivyo ulimi wa nyoka. "Nilijua umekauka. Nilikuwa naona uvivu wa kuulowesha mu maji, nikapanda. Upumbavu wangu, natembea nao. Kamba ikikatika inakuwa vipande mbili, Fundi wa Mbinguni. Vyako viko wapi?"

Nilimwambia ashughulike na nyonga yake. Alinicheka mpaka Mama Feza akaja kumtishia sindano. Mulamba aliruhusiwa kabla yangu. Alipoondoka na magongo yake hakusema kwaheri. Aliacha kipande kimoja cha ule mkanda juu ya godoro langu, karibu na mkono. Nilikiweka chini ya mto. Sijui kwa nini. Kilinichoma shingo kila nilipolala.

Nilirudi nyumbani nikiwa na magongo mawili na mguu uliopungua urefu wa vidole viwili. Sasa nikapata kile nilichokuwa nakiomba maisha yangu yote: kukaa. Barazani, kwenye kiti changu, kila siku, hakuna aliyenituma popote. Baada ya mwezi mmoja nilikichukia kile kiti kuliko nilivyomchukia Amisi. Kukaa kuna utamu pale tu unapoweza kuinuka. Weka akilini, itakufaa.

Halafu akaja mjane wa fundi wangu, kutoka nyumba ya tatu. Aliniletea ndizi. Alikaa chini, akafuta macho, akasema amesikia kwamba kamba ya marehemu ilikatika, na ameshindwa kulala, na anaomba nisimhesabie marehemu kosa. Zaina alikuwa amesimama mlangoni. Yeye alikuwa ameshasema mtaani maneno makali juu ya marehemu na kamba zake mbovu. Na mimi, unajua nilifanya nini? Nilimsamehe. Nilimsamehe mama yule kwa kosa lisilokuwako, na nikala ndizi.

Kama uko kitandani na umewapa watu hadithi nzuri kidogo kuliko ile ya kweli, mimi si shehe wako, siji kukuhubiria. Nakuuliza neno moja: nani anapanda baada yako? Maana hadithi yako anapanda nayo. Mguu wangu ulikuwa unaunga, na kila siku ulipopata nguvu, mvua zilikuwa zinapungua, na ile siku ya Ramazani ilikuwa inakaribia. Nilitamani mvua ile isiishe. Nilikuwa mtu pekee Kasongo aliyefurahi barabara ikijaa matope.

Iliisha. Vumbi lilirudi, na asubuhi moja Zaina aliniambia, akipita na ndoo, kwamba leo wanamalizia paa kwa kaka yake na mbuzi ameshaletwa. Nilikaa. Nikanywa chai. Nikaweka kikombe chini. Nikachukua magongo.

Kutoka kwetu hadi kwa Amisi mtu mwenye miguu mizima anafika kabla maji hayajachemka. Mimi nilichukua nusu ya asubuhi, na Zaina alinifuata nyuma akidhani nimepandwa na homa. Tulipofika, uani palikuwa pamejaa. Ngazi ilikuwa imesimamishwa. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye kigogo kwa kitambaa cha kitenge kilichochanika. Ramazani alikuwa anaweka misumari mfukoni. Kiunoni hakuwa na kitu.

Mimi nina kipaji kimoja. Nilikwenda kwenye ngazi, nikageuka, nikakaa kwenye kidato cha chini, nikanyoosha mguu mbovu mbele.

Ramazani alinisalimu, akaniomba nimpishe. Nikasema bado. Watu wakaanza kucheka. Mmoja akasema Musafiri amekuja kutafuta kiti kipya. Amisi akatoka ndani akauliza kuna nini. Nikamwambia Ramazani hapandi mpaka ajifunge kamba.

"Kamba gani?" Ramazani alisema. "Ile iliyokukatikia?"

"Haikukatika."

Sikusema kwa nguvu, lakini nilisikika. "Haikukatika. Sikuwa na kamba. Niliifungua mwenyewe, nikamupa Amisi, tukafunga mbuzi. Watu wa hapa mulikuwapo, mulicheka. Halafu niliona haya, nikasema ilikatika."

Walikuwapo kweli. Waliona kamba ikianguka, lakini tangu siku ile kila mmoja alisikia kwamba ilikatika, na kwa kuwa mimi ndiye niliyevunjika, walidhani nilikuwa na nyingine. Amisi alikuwa na uso wa mtu aliyemwagiwa maji.

"Ndiye weye uliyeitoa," alisema. "Nani alikuomba? Watu wote walisikia. Usije hapa kunipaka matope mu nyumba yangu."

"Ni miye niliyeitoa," nilisema. "Weye ndiye uliyeona sina kitu ukaniambia niharakishe. Tugawane. Sehemu kubwa nichukue miye, mguu ninao. Lakini huyu hapandi."

Amisi aliniambia niondoke kwenye ngazi yake. Nikamwambia anitoe. Akaja karibu kabisa, nikaona mshipa wa shingo unavyopiga, na nadhani angenitoa kweli, na magongo angeyatupa kwenye muhogo wa jirani, kama Zaina asingepita katikati yetu. Hakunitazama. Alikwenda hadi kwenye pikipiki ya kaka yake, iliyokuwa imeegemezwa ukutani na marobota ya vitenge juu, akaanza kufungua. Kamba ya buluu. Amisi alikuwa anafungia mali yake siku zote zile, na mimi sikutoka nyumbani kuiona.

Zaina aliipitisha mkononi, kuanzia mwanzo, polepole, kiganja kilichokwaruzwa na jembe kikisikiliza kila inchi. Watu wote walitazama. Hapakuwa na fundo. Hapakuwa na pahali palipoungwa. Alipofika mwisho aliirusha kwa Ramazani, akaniambia neno moja tu: "Marehemu."

Hakunisemesha tena kwa siku tisa. Kwa mjane wa fundi nilikwenda kesho yake, na magongo yangu, nikasema yote. Alinisikiliza nimesimama. Hakunipa kiti, na wewe sasa unanijua, unafahamu hiyo ni adhabu gani.

Lakini pale uani, Ramazani alikuwa bado ameshika kamba. Nilidhani atanicheka. Alikuja mpaka mbele yangu, akainama.

"Miezi yote hii, Yaya. Ningepanda bila kitu, na weye ungekaa tu."

"Ndiyo."

"Na watoto wangu."

Alijifunga kiunoni mbele ya macho yangu, akavuta fundo mara mbili, akaniambia nisogee. Nilisogea. Akapanda, akafunga upande wa pili kwenye mbao nene, na hakunisamehe. Hata leo tunafanya kazi pamoja, mimi nikikata mbao chini na yeye akiwa juu, na kila anapojifunga ananitazama, na mimi natazama pembeni.

Kabla hajapiga msumari wa kwanza, kile kitambaa cha kitenge kilichanika na mbuzi akakimbilia kwenye muhogo wa jirani. Wakamrudisha wakiwa wanamshika pembe. Amisi alisimama anatazama huku na huku akitafuta cha kumfungia, na macho yake yakapanda juu hadi kwenye kamba ya buluu, yakashuka haraka. Hakuna aliyecheka. Kutoka juu Ramazani akauliza sasa mbuzi watamfunga na nini.

Zaina ndiye aliyejibu, bila kugeuza kichwa. "Mumufunge kwa bwana yangu. Yeye haendi popote."

Walimfunga na kipande cha kitenge kwenye mguu wangu, ule mzima. Alivuta mchana kutwa, yule mnyama, kushoto na kulia, na kila akivuta paja la pili lilinichoma mpaka machozi. Amisi alipita mara tatu na sahani na hakunipa maji. Nilikaa. Nilihesabu misumari kwa masikio, na sikuangalia mbuzi, niliangalia kamba, mpaka bati la mwisho.